Blanketi la Motlatsi

Malineo alikuwa akikandika ukuta wa nyuma kwa udongo na mavi ya ng'ombe alipowaona wanawake wawili wakipanda kilima, mmoja nyuma sana ya mwenzake, kila mmoja na blanketi kwapani. Akashusha pumzi. Miaka hiyo ya ukame wanaume wa Lesotho walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu utadhani wamefukuzwa makwao, na kila aliyeondoka aliacha blanketi lake kuukuu nyumbani. Barua ya kifo ilichukua mwezi kufika. Mkono wa Malineo ulijua papo hapo. La aliye hai lilikuwa na joto. La marehemu lilikuwa na baridi iliyompanda hadi begani, na siku mbili asiweze kusonga hata ugali.

Aliurithi mkono huo kwa mama yake, naye kwa mama yake. Watu waliuita kipaji. Labda, lakini si wao waliowaambia wajane waende wakanyoe nywele. Kwenye sherehe walimsalimu kwa mbali, mikono nyuma. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemchosha kabisa, na faraja yake ilikuwa moja tu: mamake mdogo alirukwa na mkono ule, basi huenda na binti yake Lineo akarukwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mathuso, jirani wa bondeni. Malineo akanawa, akaligusa blanketi la mumewe.

"Yu hai."

"Una hakika?"

"Tena mzima wa afya."

"Miaka mitatu bila barua, na mzima wa afya?" Mathuso akaketi chini, akalia. "Basi ana mwanamke huko, mbwa yule. Si ungenidanganya tu, Malineo? Ningenyoa, nikaheshimiwa kama wajane wenzangu."

"Ningejua kudanganya, mama, ningekuwa nimenenepa."

Mathuso akacheka huku analia, akakusanya blanketi lake akaenda zake.

Wa pili alipokaribia, Malineo aliona ni Lineo mwenyewe, aliyeolewa ng'ambo ya mto mwaka juzi. Blanketi lilikuwa la mumewe, Motlatsi.

"Nishikie hili, mama," Lineo alisema, bila hata salamu.

Malineo akaligusa. Baridi ilipanda hadi begani, ikapita, ikamfika shingoni. Akamtazama binti yake, aliyekonda, midomo imekauka kwa mwendo.

"Lina joto," akasema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika miaka yote hiyo. Kisha, bila kufikiri, akauingiza mkono kwapani kuupasha moto, kama alivyofanya mbele ya Lineo tangu utoto wake.

Lineo akautazama mkono ule. "Mbona unauficha?"

"Maji ya udongo yamenipoza."

Ndipo Lineo akautoa mkono wake wa kulia, uliokuwa umefichwa chini ya shuka tangu alipofika. Vidole vilikuwa vyeupe.

"Wangu haujapata joto tangu asubuhi, nilipolikunja. Nimekuja uniambie ni ugonjwa. Uliposema lina joto, nikafurahi kidogo. Kidogo tu, mama."

Malineo ndiye aliyelia kwanza. Alilia kwa ajili ya Motlatsi, kijana mcheshi aliyekuwa akimtania kuwa atakuja kumsalimu akiwa na glavu, na akalia zaidi kwa ajili ya mkono ule mweupe. Wakashikana, na hakuna aliyempasha mwenzake joto.

"Hodi hapa," sauti ikasema.

Mwanamke asiyemjua alisimama uani, kakumbatia blanketi la kahawia. Malineo akajikongoja ainuke. Lineo akamzuia begani.

"Kaa, mama. Umechoka." Akafuta uso, akanyoosha mkono. "Lete hapa, dada."

Malineo akakaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametamani mtu amwambie hivyo, mtu yeyote isipokuwa Lineo.