Koti la Mama Mkwe Lililokuja Nyumbani

Kla!

Komeo la mlango wa mbele. Saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, na mume wangu Changgui yuko zamu mgodini.

Komeo hilo nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijifunika hadi puani, nikasikiliza. Kimya. Kulipopambazuka nikajikaza, nikaenda kuangalia. Mlango umerudishiwa vizuri, lakini komeo liko wazi. Sakafu ilikuwa baridi kama kisima.

Binti yetu Suisui, miaka minne, alikuwa chumba cha pili juu ya kitanda cha bibi yake. Tangu mama mkwe afariki mwezi wa nane, hakubali kulala kwingine.

Wala hakuwa ameongea tena. Hata neno moja! Daktari wa mjini alimchungulia koo akasema mtoto mzima. Mimi kila usiku nalia kwenye mto, asinione.

Nikajiambia, labda nilisahau komeo. Kesho yake, kla! Saa ile ile.

Nikamkimbilia jirani yetu, shangazi Geng, aliyekuwa anapanga kabichi zake ukutani, nikamweleza yote. Akauliza:

"Juzi si ulimchomea marehemu nguo za baridi pale njia panda?"

"Nilichoma, shangazi. Koti la karatasi, limfikie huko kwa moshi kama desturi, nikatia na pamba ndani."

"Jina uliandika?"

"Na anwani kamili. Kijiji, mtaa, namba ya nyumba."

Kabichi ikamdondoka.

"Nyumba ipi?"

"Hii yetu."

"Ee, msomi wa madarasa ya jioni! Maiti yuko kilimani, wewe mzigo wake unautuma nyumbani? Sasa si atakuja kuuchukua!"

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Ni kweli. Mwalimu wa jioni alitufundisha kujaza bahasha, nami nilijaza kwa maringo, mwandiko umenyooka. Kaburi sikulikumbuka kabisa.

"Kesho ni Lidong, baridi inaingia rasmi," akasema. "Choma lingine, andika kaburi. Usimwache bibi wa watu akihangaika."

Usiku huo nilikata koti jipya la karatasi ya bluu. Suisui alikaa karibu, ananitazama mikono. Sikumwambia ni la nani. Nyumbani kwetu jina la bibi lilikuwa halitajwi, tukidhani ndiyo kumhurumia mtoto.

Sikulala. Alfajiri nikajibanza jikoni na mti wa kusukumia unga mkononi. Mzuka unapigwa kwa mti wa unga? Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kla!

Upepo ukaingia. Nikachungulia.

Ni Suisui! Mguu mmoja peku, mwingine una soksi, anausukuma mlango kwa mikono miwili.

Kumbe ni wewe, mwanangu!

Mti ukanidondoka. Nilimbeba nikaketi naye sakafuni, nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza. "Unamtafuta bibi? Hata mimi namtafuta, mama. Nimemkumbuka mno." Akanifuta machozi kwa mkono wa nguo.

Siku hiyo sisi watatu tulikanda unga wa jiaozi, vile visambusa vya kuchemsha, Changgui karudi zamu, bado ana masizi ya mgodi masikioni. Tulimzungumzia marehemu tangu asubuhi: alivyokoroma, alivyomfichia Suisui zabibu mfukoni. Changgui alicheka mpaka akatoka nje kupenga kamasi.

Wenzangu mlio na watoto, mkifiwa msimfiche mtoto msiba. Tulipolifungia jina la bibi kabatini, naona na sauti ya mwanangu tuliifungia humo humo.

Jua likizama tukaenda njia panda. Nikachora duara la majivu, nikaweka koti la bluu. Safari hii anwani niliisoma kwa sauti: kilima cha mashariki, safu ya tatu, chini ya mpera. Moto ukashika. Suisui akapunga mkono.

Nilichuchumaa nikamfunga skafu. "Bibi amepata koti lake. Kwa hiyo kesho usiamke tena kufungua mlango, sawa?"

Akanitazama kama aliyesingiziwa. Midomo ikacheza. Kisha ile sauti niliyoililia miezi mitatu ikatoka, nyembamba, haina wasiwasi wowote:

"Mimi nilikuwa nafunga tu, mama, anayefungua ni bibi."