Nyanya Isiyoisha Kufutwa

Marcella hakumwonea Jedidah wivu kwa sababu ya sura. Kilichomuuma ni kwamba Jedidah, mjane wa kutoka Embu aliyeuza vitunguu kando ya meza ya nyanya ya Koome katika soko la Gakoromone, alikitambua kifafa cha Koome kabla hakijamwangusha. Yeye, mke wa ndoa, alimwokota mumewe sakafuni akiwa na jeraha; jirani wa sokoni alimlaza mapema juu ya magunia, kichwa kwenye leso yake. Leso hiyo ilipofika nyumbani na Koome, Marcella aliifua, akaisugua mpaka ikapauka.

Sasa Koome alikuwa amelazwa hospitalini, nyaya zimebandikwa kichwani, mistari ikipita kwenye skrini.

"Chembe za ubongo huanza vurugu kabla mtu hajaanguka," Daktari Nthiga alimwambia Marcella. "Tukijua zinaanzia wapi, tutajua tumtibu vipi. Ukiona dalili ya kwanza, bonyeza hiki kitufe."

Marcella alibonyeza Koome akiwa tayari anatetemeka. Mara ya pili, vilevile.

"Mama, hakuna anayeijua dalili yake?" daktari akauliza.

Yupo. Marcella alimjua vizuri. Watu waliodai Koome ana mapepo walikuwa wakimkimbia. Huyu mmoja hakukimbia, na ndiye aliyemchoma Marcella roho kuliko wote.

Akapiga simu.

Jedidah alikuja na nyanya moja na kitambaa, akampa Koome.

"Futa, jirani. Wateja wanangoja."

"Wa hapa wananunua dawa tu," Koome akasema, akaanza kufuta.

"Kumbe umemletea na zawadi," Marcella alisema.

"Mama Mwirigi," Jedidah akamwita kwa jina la mwanawe, "angalia mikono yake. Uso wangu utauangalia siku nyingine."

Koome alifuta, akaiweka, akaichukua tena. Alasiri kidole gumba kikaanza kuzunguka pale pale, pale pale, macho yake yakiwa mbali.

"Sasa," Jedidah alisema.

Marcella akabonyeza. Ndipo mwili wa Koome ukakakamaa.

Alipotulia, daktari aliirudisha mistari nyuma. "Alama hii ya kitufe imetuonyesha pa kutazama. Vurugu ilianzia upande huu, hata kabla ya kidole kuzunguka. Sasa matibabu yana pa kuanzia."

"Kwa hivyo hata Jedidah huchelewa?" Marcella aliuliza.

"Kidogo."

Marcella akatabasamu, akaichukua nyanya na kile kitambaa.

"Asante, dada. Kesho rudi kwa vitunguu vyako. Kidole nimekiona, nitakilinda mwenyewe."