Aliyenishika Mkono Kwenye Leleshwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi sinywi, na haya hayakuwa ndoto. Yalinipata hapa mtaani Makina, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ninayoishi mpaka leo.

Choo chetu kiko mbali kidogo na vyumba, na taa ya njiani ilikuwa imeibwa. Nani angetoka kwenye giza hilo? Sisi wanawake tulitumia ndoo mpaka kukuche. Basi nikanunua miche ya leleshwa, ule mti wenye majani meupe kama umepakwa majivu, nikaipanda kwenye mikebe ya rangi pande zote mbili za njia. Mwezi ukitoka, majani yanang'aa kama fedha, unaona unapokanyaga. Majirani walinicheka: "Mama, huku tunapanda sukuma wiki!" Lakini usiku walipita hapo hapo.

Usiku mmoja mwezi umejaa, nikamkuta mama mzee katikati ya njia, anapapasa majani. Amejifunga gurbaba, ile nguo ya Wanubi. Nikadhani ni mgeni wa mtu.

"Binti," akasema, "leo naona njia kidogo. Nishike mkono, unifikishe kwa Zena."

Zena ndiye mwenye ploti. "Twende, shosho," nikamwambia, "nitakufikisha mpaka mlangoni."

Nikamshika. Mkono ulikuwa umelowa matope hadi kwenye kiwiko. Niamini, mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu! Tulienda polepole, ameniegemea, mzito kama mtu yeyote. Woga sikuwa nao. Nilimwonea huruma tu. Tulipokaribia nikafikiri, huyu si ameumia? Nikamwachilia nitoe simu, nikammulika.

Hakukuwa na mtu. Majani aliyoyagusa yalikuwa yanachuruzika matope.

Asubuhi nikamweleza Zena. Hakushangaa. Aliketi chini pale pale mlangoni, mama mtu mzima, akajifunika uso kwa mtandio.

"Ni mama yangu," akasema. "Kabla mtaro wa hapo njiani haujafunikwa, alitumbukia humo usiku akitoka chooni. Aliita. Tulimsikia, wallahi, tulimsikia. Tukasema ni mlevi, tukalala."

Walimpata alfajiri.

Tangu hapo Zena ameongeza leleshwa mpaka kizingitini kwake. Mwezi ukijaa, anakaa nje na mlango wazi hadi adhana ya alfajiri. Siku nyingine namkuta anaongea Kinubi peke yake, sauti ya chini, kama mtoto anayeomba msamaha. Mama yake hajarudi. Zena hajawahi kunilaumu hata siku moja, lakini mimi usingizi umenikataa. Zilibaki hatua tatu! Kwa nini sikuvumilia, hatua tatu tu?

Kwa hiyo sikiza. Mtu akikushika mkono gizani, akakuomba umpeleke kwao, usiulize ni nani wala usimmulike uso. Mfikishe kwanza.