Kijipicha Kimoja cha Mpishi

Hapa kwetu Konde wananijua kwa harusi. Napiga video upande wa wanawake, mwaka wa kumi na mbili sasa, na mume wangu mwenyewe hajawahi kuona hata dakika moja ya kazi hizo. Hayo ndiyo masharti. Kule ndani wanawake wamevua mabuibui, wamesuka, wanacheza, na asiyetaka kuonekana huniambia, nami humkata kabla sijamkabidhi mtu kitu. Najisifu kwa hilo. Sijawahi kumwaibisha mtu.

Asubuhi moja alikuja mwanamke kutoka Wingwi, mjamzito, akakaa kwenye kiti cha wateja akawa anazunguka tu: mara mvua, mara ubovu wa barabara. Mimi sina subira. Nikamwambia, "Mwenzangu, mficha uchi hazai. Sema."

"Mamangu kafariki," akasema. "Alikuwa mpishi wa maharusini. Hatuna picha yake hata moja, ila ile ya kitambulisho, nayo kanuna. Mtoto huyu nataka amjue bibi yake."

Nilimkumbuka mara moja. Mama yule ndiye aliyekuwa akiniwekea sahani ya pilau pembeni, wakati wengine wamenisahau kama kiti. Aliniita mwanangu. Nilimpenda, na sikuwahi kumwambia.

Kumtafuta mtu ndani ya harusi thelathini alizopika, kwa kuzitazama, ni kazi ya mwezi. Basi nikatumia programu yangu isiyo na vitufe, unayoiandikia amri kwenye kioo cheusi: chukua faili hili, kila baada ya sekunde kumi toa picha moja, uifanye ndogo. Video nzima inageuka ukurasa wa vijipicha, unaupitishia macho kama anayechagua mchele. Tulikaa bega kwa bega. Tukaona maharusi, hina, keki, watoto waliolala mikekani. Mama hayumo. Nikaandika upya, picha moja kila sekunde. Sasa akawemo: mgongo wake, mkono wake na upawa, kanga iliyovutwa usoni.

"Mbona uso haumo?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila harusi mama yule alipokuja kuniaga alininong'oneza, "Mwanangu, mie untoe. Sipendi watu wanione kichwa wazi." Nami nilimtoa. Nilimkata kwa mkono wangu mwenyewe, kwa uangalifu, harusi baada ya harusi, na kadi za kamera nikazifuta ili nizitumie tena. Nilimweleza mwanawe yote. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza kama gari za Wingwi bado zipo.

Nikamwambia asubiri kidogo. Unapoikata video, mkato hauangukii pale pale kila mara. Huweza kubaki picha moja ya upande uliotupwa, na kwa kuwa sekunde moja ina picha ishirini na tano, jicho haliwahi kuiona. Nikaandika amri mara ya tatu: usiruke chochote, toa picha zote, lakini za dakika zile za jikoni tu. Kompyuta ikanguruma. Tulipitia mamia ya vijipicha vya moshi na masufuria, na katikati yake kimoja: mama kageuka, kichwa wazi, jasho kwenye paji la uso, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Sikukikuza. Nilikifunika kwa kiganja pale pale kwenye kioo.

"Alinikataza," nikasema. "Hii ni amana ya watu."

Mwanawe akaushika mkono wangu, akauondoa taratibu. "Alikukataza asionwe na watu, dada. Mie si watu. Mie mwanawe."

Nilikihamishia kwenye simu yake, naye akakaa akikitazama, hana neno jingine ila, "Anacheka. Tizama anavyocheka." Kisha nikakifuta kwangu mbele ya macho yake. Nakiri iliniuma. Katika picha ile mama anamtazama aliyeshika kamera, na kicheko kile alikuwa ananichekea mimi.