Nilimdaka mama mkwe asiangukie moto, sasa naitwa mlozi

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, nakuomba ufiche jina langu na la ofisi yangu, maana wakubwa wangu wa kazi na wakwe zangu wote husoma gazeti hili. Nina miaka ishirini na minne. Ni karani hapa Elisabethville, nilisoma kwa mapadri, nina mke na mtoto mmoja. Ninaandika kwa hasira, na kwa woga pia. Mnisamehe vyote viwili.

Tangu mwaka jana mama mkwe wangu alikaa kwetu kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Alikuwa akihema hata akibeba ndoo nusu, na jioni miguu yake ilivimba. Daktari alimpima, akanieleza mimi kwa Kifaransa, nami nikamweleza mke wangu, naye akamweleza mama yake. Ilibidi iwe hivyo. Ninyi mliotoka kaskazini kama sisi mnajua: kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani. Ndiyo buko, heshima ya ukwe. Nyumba yetu ni ndogo, lakini nilikuwa nikikohoa kabla ya kuingia, naye akigeukia ukuta mpaka nipite. Sikunung'unika hata siku moja.

Daktari alisema moyo wake unapiga ovyo, kama mpiga ngoma aliyelewa. Damu inabaki ndani, inaganda kama uji uliopoa, na kipande kikichomoka kikapanda kichwani, upande mmoja wa mwili unapooza. Alimpa matone ya kunywa kila asubuhi. Miguu ikapungua, usingizi ukarudi. Tukamshukuru Mungu.

Jumapili moja, baada ya misa, mke wangu alikuwa ameenda kuchota maji. Mama alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nikiwa ndani nikasikia sahani ya bati inaanguka. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Tazameni ujinga wa adabu: mtu anakufa, mimi nakohoa! Nilipotoka, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, mkono wa kuume unaning'inia, naye anateleza kutoka kwenye kigoda kuelekea motoni. Nikamdaka. Nikamshika kifuani pangu na kumwita, "Mama! Mama!" Alinitazama machoni, akataka kusema, ulimi ukawa mzito.

Majirani walipofika walimkuta mikononi mwangu. Baada ya muda maneno yakamrudia, na tulipofika hospitali mdomo ulikuwa umenyooka. Mke wangu akacheka kwa furaha. Daktari hakucheka. "Hiki kilikuwa kipande kidogo," aliniambia. "Kikubwa kinaweza kufuata." Alitaka mama alale pale hospitali apewe dawa mpya ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo haitolewi nyumbani, kwa maana lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Hapo ndipo alipotokea kaka mkubwa wa mke wangu, mfanyakazi wa reli anayekaa mtaa wa Makomeno. Alikuja hospitalini na shangazi yao. Hakuuliza kuhusu moyo.

"Shemeki, ulimushika mama kwanza, kisha akaanguka, ao alianguka kwanza?"

"Alikuwa anaanguka, ndiyo nikamushika."

"Bajirani banasema kinywa kilikuwa kimepinda mu mikono yako."

"Kilipinda kwanza, kisha nikamushika!"

"Nani aliona?"

Nani angeona? Tulikuwa wawili tu, na hakuna aliyeruhusiwa kumtazama mwenzake!

Shangazi akapiga makofi. "Muntu anaangalia mama mukwe wake mu macho, tena unangojea kinywa kibakie sawa? Karani! Kifaransa mingi, haya hakuna."

"Na matone je?" nikauliza. "Mama asikose matone."

"Ile matone bakia nayo," shemeji akasema. "Anakunywa kila siku, na ameanguka. Sasa iko inasaidia nini?"

Akamtoa mama hospitalini siku hiyohiyo, akampeleka kwake. Chupa ya dawa imebaki kwenye rafu yetu. Baada ya Pasaka anataka kumpandisha treni ampeleke kijijini akasafishwe kimila, mbali na daktari. Isipokuwa jambo moja. Amesema nikipeleka mbuzi na kukiri mbele ya ukoo wote kwamba mimi ndiye niliyemharibu mama kwa kumtazama na kumshika, yeye mwenyewe atamrudisha hospitali. "Kubali kwanza, shemeki. Kisha daktari wako aendelee."

Padri ameniambia nisikubali, ni upagani na ni uongo. Mke wangu analia, anasema, "Sema tu. Maneno haiue muntu." Lakini mimi nawajua watu hawa. Nikishakiri, na mama akafa hata pale hospitalini, nitakuwa nimemuua kwa kinywa changu mwenyewe. Mke wangu atachukuliwa, mtoto wangu ataitwa mtoto wa mlozi. Nisipokiri, treni itaondoka na mama atakufa bila dawa, na watasema vilevile!

Mke wangu alikwenda Makomeno kumwomba mama aseme ukweli. Hakumbuki mdomo, hakumbuki mkono, hakumbuki moto. Anakumbuka uso wangu tu, karibu na wake. Anaona haya, amekataa hata kutaja jina langu.

Ninyi wasomaji wenye mama wakwe, na ninyi mlio mama wakwe, nishaurini: niende na mbuzi nikaseme uongo, ama nikae na ukweli wangu? Lakini msiniambie nisubiri wakubwa wa ukoo wakae kikao. Damu ile haingoji kikao.