Hodi za Mwalimu Awino

Asubuhi ya mwisho waliyokaa kama kawaida, Okech alikuwa anakamua, na mkewe Awino amesimama mlangoni mwa zizi na kikombe cha chai. Ng'ombe alikuwa na hereni ya njano sikioni, ile ya serikali yenye namba. Okech hakwenda shule hata siku moja, kwa hiyo Awino alimsomea tarakimu nne za mwisho.

"Sita, nne, tano, tatu."

Okech hakuacha kukamua. "Jumla kumi na nane. Tatu inaingia."

"Na tisa?"

"Kwenye kumi na nane tisa itakosaje? Nayo inaingia."

"Wewe mzee ungesoma, mimi ningekosa kazi," akasema Awino, akacheka, akarudi jikoni kutazama viazi. Saa sita mchana alianguka kibarazani. Jumamosi wakamzika.

Msibani watu walisimulia mengi. La ukuta Okech analijua kuliko wote, maana alilianzisha yeye.

Awino alifundisha hesabu darasa la tano miaka thelathini na moja, kwenye shule ya kijijini kwao, Issenye. Watoto walikuwa wanaingia kwenye kugawanya kama ng'ombe kwenye mahindi: wanakanyaga, wanajaza ukurasa, mwisho wanakuta baki. Awino akawaambia, "Nyumba ya mtu huingii bila hodi. Namba nayo ni hivyo hivyo." Hodi ya tano: tazama tarakimu ya mwisho, ikiwa sifuri au tano, karibu ndani. Hodi ya tatu: jumlisha tarakimu zote, jumla ikigawanyika kwa tatu, namba yenyewe itagawanyika. Mtoto yuko nyuma ya mbuzi, hana daftari wala kalamu, na jibu analo.

Bodaboda wakimwona barabarani walipunguza mwendo. "Hodi, Mwalimu!" Naye anawasomea namba ya pikipiki yao wenyewe: "Kwa tatu, haraka!" Dereva akikosa, abiria wake ndiye anayemzomea.

Mwaka aliostaafu, kamati ya shule ikaona isimwache aondoke hivi hivi. Wakamwita Shaaban, fundi wa mabango kutoka Mugumu, akaandika hodi zake kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa rangi ya mafuta, buluu. Juu kabisa jina la Awino. Sherehe ilikuwa Ijumaa. Alhamisi alasiri Awino akamwambia mumewe twende ukaone.

"Nikaone nini, mtu nisiyesoma?"

"Nitakusomea. Jina langu liko pale, wewe usilione?"

Akamsomea mstari kwa mstari, kidole juu. Mbili, tatu, nne, tano. Okech anatikisa kichwa kukubali. "Sita: mbili ikiingia na tatu ikiingia, sita inaingia." Saba aliiruka, alisema hodi yake ni ndefu, ukuta hautoshi. "Nane: mbili ikiingia na nne ikiingia, nane inaingia."

"Rudia hiyo ya nane," Okech akasema.

Akarudia.

"Mimi na jirani yetu Heche tuna maksai kumi na wawili. Nikiwafunga wawili wawili, habaki hata mmoja. Wanne wanne, plau tatu, habaki hata mmoja. Nikiwataka wanane wanane?"

Awino akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Wanabaki wanne," Okech akasema. "Wanakula majani tu."

"Lakini ya sita ni kweli!"

"Ya sita sijaikataa."

Awino akakaa kwenye jiwe. Hodi ya kweli ya nane aliijua: tarakimu tatu za mwisho zigawanyike kwa nane. Watoto waliilalamikia kuwa ni ngumu. Basi kwa ajili ya ukuta akaifupisha, akafuatisha ile ya sita, asiijaribu kwa namba hata moja. Yeye, aliyewagombeza watoto miaka yote: "Jaribu kwanza!"

Mwalimu mkuu, Simioni, akaja, akaelezwa, akashika kiuno. "Mwalimu, kesho anakuja afisa elimu kata. Tunyamaze tu. Wiki ijayo Shaaban atarekebisha. Nani atajua?"

Awino akashika njia ya nyumbani. Njia nzima alitembea mbele, haraka. Okech akajilaumu. Heshima yote ya mkewe ilikuwa katika hesabu, na yeye ameimwaga kama maziwa, tena siku moja kabla ya sherehe.

"Nisamehe, Mama Susana," akasema walipofika nyumbani. "Sitamwambia mtu."

Awino alikuwa anawatazama maksai. "Kesho uwalete."

"Akina nani?"

"Wote kumi na wawili. Mwambie Heche asiwapeleke maksai wake malishoni."

"Mbele ya wageni? Watakucheka."

"Wacheke. Mtoto apite pale miaka kumi akisoma uongo wenye jina langu, huko ndiko kuchekwa."

Ijumaa, wageni wameketi kwenye viti vya plastiki, maksai wakaingia uwanjani. Mmoja akajisaidia mbele ya meza kuu. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mama mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, unaolewa upya? Mahari ndiyo hiyo?"

"Ningeolewa upya, wasingetosha hao!" Awino akamjibu.

Kisha akasoma mstari wa nane kwa sauti. Okech na Heche wakawapanga maksai wawili wawili. Wanne wanne. Halafu wanane upande mmoja. Wanne wakabaki wamesimama peke yao.

"Mnaona?" Awino akasema. "Mbili na tatu ni majirani wawili, kila mmoja anaitika kwake. Mbili na nne ni nyumba moja. Ukibisha kwa nne, mbili keshaitika. Mimi nimebisha mlango mmoja mara mbili, nikadhani nimeamsha watu wawili."

Akachukua brashi ya chokaa, akaufuta mstari mwenyewe, chokaa ikamchuruzika mpaka kwenye gauni la sherehe. Simioni alikuwa anatazama viatu vyake. Lakini nyuma kule wazee walianza kupiga makofi, watoto wakadakia, na Okech, kamba mkononi, akapiga naye.

Afisa elimu kata akasimama. "Mwalimu, tangu jana wamepita hapa walimu, wamepita wanakamati. Kosa hili aliliona nani?"

Awino akaelekeza brashi kwa mumewe.

"Yule pale mwenye kamba. Hajui kusoma. Siku mkiandika tena ukutani, mwiteni yeye kwanza."