Mwanamke wa Kwenye Skrini

Mpiga picha wa zahanati ya ngozi alikuwa na mdomo. Kila akimketisha mgonjwa mbele ya kamera humwambia, "Tulia mpenzi, nikuone kabla hujajiona." Haukuwa mzaha mtupu. Taa yake ya urujuani ilimulika hadi chini ya ngozi, kompyuta ikapima rangi, na pale rangi ilipoanza kufa, skrini ilitoa doa jeupe, hata kama kioo cha kawaida hakijaonyesha kitu.

Kila asubuhi aliijaribu mashine kwa uso wake mwenyewe. Kadi ya kupimia mashine ilikuwepo, lakini uso, alisema, huwezi kuusahau nyumbani. Siku moja akajipiga, akageuka kutazama, moyo ukamlipuka paa! Mwanamke wa kwenye skrini alikuwa na midomo myeupe pe, na weupe ule ulipanda mashavuni kama maziwa yaliyomwagika. Akakimbilia kioo. Uso ni uleule, mweusi, laini. Akarudi kwenye skrini. Yule mwanamke alikuwa bado anamtazama.

Akafuta lenzi. Akazima, akawasha, akajipiga tena. Weupe palepale. Siku nzima alifanya kazi roho mkononi, na wagonjwa hawakumsaidia kitu, maana wote walikuja na madoa yao.

Jioni bintiye akampitia akitoka shule.

"Kaa hapo mara moja mwanangu, nijaribu mashine."

Alijua anachokitaka, wala hakuona haya: alitaka doa. Mtoto naye akitoka na doa, basi mashine ni mbovu na yeye ni mzima.

Picha ikatoka. Macho yote mawili yalizungukwa na weupe. Mama akacheka hadi machozi.

"Mbovu kabisa hii! Imenitesa bure siku nzima!"

Mfagizi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akaegesha fimbo ya deki. "Na mimi nipige basi, nione nilivyoharibika." Akaketi, akabana midomo kama anapigwa picha ya pasipoti.

Uso wake ukatoka rangi moja, safi, bila doa hata la dawa.

"Mbona mimi sina?" akauliza, kama aliyenyimwa.

Mama akairudisha picha ya bintiye kwenye skrini. Kicheko chake kilikuwa bado masikioni mwake, na alikichukia.

"Mama, yangu iko wapi? Nataka kuiona."

Mama akapapasa kitufe cha kuzima, lakini mtoto alikuwa ameshazunguka meza.